Kile Ambacho Arusha Haiandiki: Namna ya Kupima Maelezo ya Zana za Akili Unde

Mwambie dereva yeyote wa Arusha kwamba kuna mgeni wa kupokelewa uwanja wa ndege kesho saa mbili, na kabla hujamaliza atakuuliza: KIA au Kisongo? Asubuhi au usiku? Anajua kwamba Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro uko takriban kilomita 50 mashariki mwa jiji, wilayani Hai, na kwamba uwanja mdogo wa Arusha uko Kisongo, upande wa pili kabisa, kwenye barabara ya kwenda Dodoma. Anajua pia kwamba saa mbili anayoitaja yeye, kwenye tiketi ya mgeni imeandikwa 08:00 au 20:00.

Wakala wa akili unde akipewa ombi hilohilo, kwa kawaida hatauliza kitu kama hakuna mahali alipoambiwa aulize. Huenda modeli yake imesoma kwamba viwanja ni viwili. Lakini mbele yake kuna zana yenye sehemu ya kujaza iliyoandikwa "uwanja", naye ataijaza kwa kile kinachoelekea kuwa sahihi. Mara nyingi atapatia. Siku asipopatia, mgeni atakaa na mabegi yake Kisongo huku gari likimsubiri KIA.

Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kujua kuyapima maandishi hayo mafupi ambayo huamua wakala atapatia au atakosea: maelezo ya zana. Ni ufundi mchanga, na wengi huuona kama kazi ya dakika tano za mwisho baada ya programu kukamilika. Mimi nauona ndio moyo wa kazi yenyewe.

Kwanza, namna mambo yanavyokwenda. Wakala wa akili unde ni modeli ya lugha iliyopewa zana. Zana ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja: kutazama nafasi za vitanda, kukokotoa ada, kutuma ombi la malipo. Modeli haioni yaliyomo ndani ya programu hiyo. Inachoona ni jina la zana, aya moja au mbili za maelezo, na orodha ya vitu vya kujaza, yaani parameta. Kwa hayo matatu inaamua iite zana ipi, lini, na ijaze nini. Utaratibu huu ulienea sana baada ya kampuni ya OpenAI kuuweka kwenye huduma yake Juni 2023. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa Model Context Protocol, itifaki inayowezesha zana iliyotengenezwa na mtu mmoja kutumiwa na mawakala wa watu wengine. Kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa leo na kijana aliyeketi Njiro yanaweza kusomwa kesho na wakala asiyejua Njiro ni wapi, wala hana wa kumuuliza.

Kigezo changu kikuu ni hiki: maelezo mazuri yana yale ambayo mwenyeji huona hayana haja ya kuandikwa. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yanatoka humo.

Tuweke mifano miwili sambamba. Yote nimeitunga, lakini wa kwanza una sura ya maelezo mengi niliyoyasoma:

panga_usafiri. Hupanga usafiri wa mgeni kutoka uwanja wa ndege. Parameta: uwanja, muda, jina.

Na huu wa pili:

panga_mapokezi_uwanjani. Hutenga gari na dereva wa kumpokea mgeni anayewasili kwa ndege. Itumie baada ya mgeni kutaja namba ya ndege yake. Haihusu kumrudisha mgeni uwanjani wala safari za mbugani. Parameta: msimbo_wa_uwanja, ama JRO (Kilimanjaro, ambao wenyeji huuita KIA) ama ARK (Arusha, ulioko Kisongo), kama mgeni hakutaja ni upi, muulize, usichague. muda_wa_kutua, tarehe na saa za Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24, mfano 2026-07-09T20:00. Mgeni akiandika "saa mbili usiku" maana yake ni 20:00. jina_la_bango, jina litakaloandikwa kwenye bango la dereva, kama lilivyo kwenye pasi.

Wa pili ni mrefu, lakini urefu si sifa yake. Sifa yake ya kwanza ni kwamba umetaja kazi ambayo zana haifanyi. Ya pili ni kwamba majina ya mtaani yamefungwa pamoja na misimbo rasmi, hivyo mgeni aliyeandika "KIA" na yule aliyeandika "JRO" wote watafika mahali pamoja. Ya tatu, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni maneno mawili: muulize, usichague. Mwandishi wa kawaida hayaandiki kwa sababu anadhani kuuliza ni jambo la akili ya kawaida. Modeli za lugha hupendelea kukamilisha kazi. Zisiporuhusiwa waziwazi kusimama na kuuliza, mara nyingi hujaza pengo na kuendelea.

Suala la muda halijaishia hapo. Mtu akikuandikia kwamba anatua Ijumaa usiku saa saba, anasema usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani kwenye kalenda ya tiketi ni Jumamosi saa 01:00. Mwenyeji husema Ijumaa kwa sababu bado hajalala. Zana inayopokea "siku" na "saa" katika sehemu mbili tofauti inaalika kosa hili, na zana inayodai tarehe kamili pamoja na saa, ikiwa na sentensi moja juu ya ndege zinazotua baada ya usiku wa manane, inalizuia. Ninapopewa maelezo ya zana ya usafiri kuyakagua, ndipo ninapotazama kwanza. Kama sentensi hiyo ipo, najua mwandishi amewahi kukaa na watu wa mapokezi.

Sasa twende kwenye hifadhi, ambako Arusha ina mitego mingi kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Chukua zana inayoitwa ada_za_hifadhi, yenye maelezo "Hurudisha ada za kuingia hifadhini". Msomaji mkali atauliza: hifadhi zipi? Tarangire, Serengeti, Manyara na Arusha ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ambalo makao yake makuu yako hapa jijini. Ngorongoro si ya TANAPA. Ina mamlaka yake, NCAA, na ada zake. Mapori ya akiba yako chini ya mamlaka nyingine, TAWA. Mgeni wa nje hajui tofauti hizi, naye humwandikia wakala kwamba anataka siku mbili Serengeti na siku moja Ngorongoro, kana kwamba ni duka moja. Kama zana inasoma jedwali la TANAPA peke yake na maelezo hayakusema hivyo, wakala ataiuliza habari za Ngorongoro. Zana ikirudisha jibu tupu, wakala anaweza kumwambia mgeni kwamba kuingia Ngorongoro hakuna ada. Sentensi moja ingetosha: "Inahusu hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA tu; kwa Ngorongoro tumia ada_za_ngorongoro."

Kuna na jina Meru. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, umo ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ile iliyoanzishwa mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto. Lakini ukitafuta hifadhi yenye jina la Meru utaipata Kenya, na mji wa Meru uko Kenya vilevile. Huku kwetu, Meru ni pia halmashauri, yenye ofisi zake Usa River. Jina Arusha nalo lina mzigo huohuo: kuna Jiji la Arusha, kuna Halmashauri ya Arusha inayolizunguka jiji, kuna mkoa, kuna hifadhi na kuna uwanja wa ndege. Parameta inayoitwa "eneo" na kuishia hapo, kwa mji huu, ni kazi mbovu. Fundi mzuri huandika ni Arusha ipi, na akiweza hutoa orodha ya kuchagua badala ya kumwachia wakala nafasi wazi ya kuandika apendavyo.

Kisha parameta ya kundi la mgeni. Nimeona ikiitwa "uraia", na hilo ni kosa lililojificha vizuri. Hifadhi zetu hutofautisha makundi matatu: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mwenye kibali cha ukaazi, na mgeni asiye mkazi. Mjerumani anayefanya kazi na kuishi Sakina halipi sawa na Mjerumani aliyetua jana, ingawa pasi zao ni za rangi moja. Ukiiita parameta "uraia", wakala atajaza "Mjerumani" kwa uaminifu mkubwa na ada itakuwa si yake. Ukiiita kundi_la_ada, ukaorodhesha makundi matatu na kusema kwamba kinachoamua ni uraia pamoja na kibali cha ukaazi, kosa limekosa mlango wa kuingilia. Mtoto naye aandikwe kwa umri wa siku ya kuingia, kwa miaka. Neno "mtoto" peke yake halitoshi, kwa sababu mzazi anaweza kuliandika hata kwa kijana wa miaka kumi na saba.

Ninaupenda zaidi mfano wa tarehe ya kupanda Meru, kwa sababu unaonyesha kosa ambalo mtu mwerevu kabisa anaweza kulifanya. Njia ya kawaida huanzia lango la Momella, akiwapo askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Usiku wa kwanza hulalwa vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili hulalwa Saddle, mita 3,570. Usiku huo wa pili wapandaji huamshwa gizani, wakafika kileleni karibu na mawio. Sasa mgeni anaandika: "Nataka kuwa kileleni siku yangu ya kuzaliwa, tarehe 14 Februari." Zana ina parameta moja, "tarehe". Wakala anajaza tarehe 14. Programu, ambayo ndani yake tarehe ni ya kuanza kupanda, inatenga Miriakamba usiku wa 14 na Saddle usiku wa 15, na mgeni atasherehekea siku yake ya kuzaliwa akiwa ndiyo kwanza anaingia langoni Momella. Alipaswa kuanza tarehe 12. Kila mmoja hapa amefanya kazi yake sawasawa: mgeni, wakala na programu. Aliyekosa ni mwandishi wa maelezo. Dawa ni jina lenye maana kamili, tarehe_ya_kuanza_momella, na sentensi inayosema kwamba kilele hufikiwa asubuhi ya siku ya tatu.

Wakubwa wa fani hii wamepita njia hiyohiyo. Desemba 2024 Anthropic walisimulia jinsi walivyotengeneza wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya kipimo kinachoitwa SWE-bench, na kwamba walitumia muda mwingi zaidi kuziboresha zana kuliko kuboresha maelekezo ya jumla. Wakala wao alikuwa akikosea njia za mafaili kila alipotoka kwenye folda kuu, kwa sababu zana ilikubali njia za kifupi zinazotegemea mahali alipo. Hawakuongeza onyo. Waliibadilisha zana ikubali njia kamili tu, na makosa yakaisha. Ninapopima kazi ya mtu hutazama jambo hilo: ameandika onyo mahali ambapo angeweza kubadilisha umbo la zana? Onyo ni kinga ya mwisho. Orodha ya kuchagua, jina lililokamilika na mfano wa tarehe huja kabla yake.

Maelezo yasiposema zana inarudisha nini, hayo ni nusu ya maelezo. Hapa nitakwenda sokoni. Tuseme ushirika wa wakulima wa miteremko ya Meru umetengenezewa wakala wa kujibu bei za mazao katika masoko ya Tengeru na Kilombero. Zana inarudisha: "viazi, gunia, 90000". Gunia gani? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepigana miaka mingi na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa juu mpaka mkulima anauza zaidi ya anacholipwa. Bei ya gunia la lumbesa na bei ya gunia la kilo 100 si bei za kulinganishwa. Wakala hataona tofauti. Atazipanga pamoja na kumshauri mkulima apeleke mzigo kwenye bei iliyo juu, ambako kumbe anatoa kilo nyingi zaidi kwa kila gunia. Maelezo yanayoheshimu mkulima husema: "Bei ni ya jumla, kwa shilingi za Tanzania, kwa kilo 100, bei zilizokusanywa kwa debe au lumbesa zimegeuzwa kuwa kilo kabla ya kuwekwa. Kila bei ina tarehe iliyokusanywa. Ikipita siku saba, mwambie muulizaji kwamba ni ya zamani." Kipimo, sarafu, ngazi ya soko, umri wa taarifa. Mambo manne hayo yakikosekana, simpi mwandishi alama ya kufaulu, hata kama Kiswahili chake kinameremeta.

Sarafu kwa Arusha inahitaji neno la ziada, maana mgeni hufikiria kwa dola na mpagazi wa mlimani analipwa kwa shilingi. Sehemu iitwayo "bei" au "kiasi" bila sarafu ndani ya jina lake sitaki hata kuiona. kiasi_tzs. Herufi tatu na kistari, basi.

Hali ya hewa nitaipitia haraka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, masika na vuli, ambao kwa kanda yetu ya nyanda za juu kaskazini mashariki husema mvua zitakuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Hutoa pia utabiri wa siku. Zana ya kwanza ikikosa kusema ni ya msimu, mtu atakayeuliza kama Jumamosi itanyesha Ngaramtoni atajibiwa kwa utabiri wa miezi mitatu.

Zana zinazotambua magonjwa na wadudu wa mimea zinahitaji unyenyekevu wa aina hiyohiyo. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha wamefanyia kazi utambuzi wa mdudu aitwaye kantangaze kwenye majani ya nyanya kwa kutumia picha. Chukulia modeli ya namna hiyo imegeuzwa kuwa zana ya wakala. Mkulima atatuma picha ya jani la hoho, la mahindi, pengine la mgomba. Programu iliyofundishwa nyanya haina namna ya kusema "sijui mgomba". Itatoa jibu kutoka katika orodha yake, na mara nyingi itatoa kwa asilimia kubwa ya uhakika. Maelezo ndiyo mahali pa kuweka mpaka: majani ya nyanya tu, picha ya mchana, jani moja, na jibu ni dalili ya kumpelekea bwana shamba, wala si ruhusa ya kununua sumu. Mtu anayeandika mipaka ya kazi yake mwenyewe kwa uwazi hivyo, mimi humwamini hata kabla sijaijaribu zana.

Zana zinazotenda, tofauti na zile zinazotazama tu, nazipima kwa ukali wa pekee. Kuangalia kitanda cha Saddle mara tatu hakumdhuru mtu. Kutuma ombi la malipo mara tatu kunamdhuru. Fikiria zana omba_malipo inayomtumia mgeni wa ndani ombi kwenye simu yake, kwa M-Pesa au Airtel Money, aweke namba ya siri. Mtandao unasuasua na jibu linachelewa. Wakala, asiyeona kitu, anafikiri ombi halikwenda na kulituma tena. Mteja anaona ujumbe wa pili, anadhani wa kwanza ulishindikana, anaweka namba ya siri tena. Pesa imekatwa mara mbili, na kuirudisha ni shughuli ya siku kadhaa na simu nyingi. Maelezo mazuri ya zana hii husema wazi kwamba inakata pesa halisi. Kwamba itumike baada tu ya mteja kukubali kiasi kilichotajwa. Kwamba kila ombi liwe na namba ya kumbukumbu, na namba hiyohiyo ikitumwa tena haitakata mara ya pili. Na kwamba jibu likichelewa, wakala aite kwanza hali_ya_malipo kwa namba hiyo. Itifaki ya Model Context Protocol ina alama za kuonyesha kama zana inasoma tu, kama inaharibu, na kama inaweza kurudiwa bila madhara. Ziwekwe. Lakini mwandishi asijifiche nyuma yake. Alama ni dokezo tu, na kinga ya kweli imo ndani ya programu.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, ingawa wengi hawaoni hivyo. "Kosa 400" linamwacha wakala akijaribu ovyo. "Namba ya simu ianze na 255 na iwe na tarakimu 12, umetuma 0754 na tarakimu sita" linamfundisha papo hapo, naye atarekebisha mara ya pili. Ninapokagua kazi, huomba nionyeshwe ujumbe wa makosa kabla ya kuonyeshwa mahali zana inapofanya vizuri.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana kuna watu wakishasikia kwamba maelezo mafupi ni mabaya huyajaza lumbesa. Huweka historia ya kampuni, jina la kanzidata, sababu za kiufundi za kuchagua seva fulani, na mifano kumi inayofanana. Kila neno la maelezo hubebwa na modeli katika kila mazungumzo, likila nafasi na pesa, na jambo muhimu huzama katikati. Dalili nyingine ya kazi isiyoiva ni herufi kubwa: LAZIMA, KAMWE, MUHIMU SANA, mstari baada ya mstari. Aghalabu nyuma ya kelele hizo kuna jina baya la parameta ambalo mwandishi hakutaka kulibadilisha. Na kuna zana pacha: tafuta_mgeni, pata_mgeni, taarifa_za_mgeni, zote tatu zikisema hurudisha taarifa za mgeni. Fanya jaribio hili: funika majina, soma maelezo matupu, kisha jaribu kusema ni lini ungechagua ya kwanza ukaiacha ya pili. Ukishindwa wewe, wakala naye atabahatisha. Ziunganishwe, au kila moja iseme inatofautianaje na jirani yake.

Watu huniuliza kama yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Modeli kubwa zinazijua lugha zote mbili, ingawa Kiingereza zimekisoma zaidi. Ushauri wangu ni kwamba yaandikwe kwa lugha ambayo mkaguzi wa kazi hiyo anaisoma kwa urahisi. Kama anayejua ukweli wa mambo ni mhasibu wa ushirika Usa River, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoimudu hayatakaguliwa na mtu yeyote. Kilicho kibaya ni kuchanganya: parameta moja "date", ya pili "tarehe", ya tatu "siku", katika seti moja ya zana.

Kuna jambo la usalama ambalo mpimaji hana ruhusa ya kuliruka. Maelezo ya zana husomwa na modeli kama maagizo. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha jinsi mtu mwovu anavyoweza kuficha ndani ya maelezo ya zana amri ambazo mtumiaji hazioni, kwa mfano amri ya kusoma mafaili ya siri na kuyatuma nje. Kwa hiyo zana ya kuchukua kwa mtu, hata ikiwa ya bure na ya kusifiwa, maelezo yake yasomwe yote, neno kwa neno, kabla ya kuwashwa, na yasomwe tena kila inapobadilishwa. Maelezo yanayozungumzia jambo lililo nje ya kazi ya zana yenyewe yakataliwe palepale.

Mwisho wa yote ni majaribio, na hapa urembo wa maandishi hauna kura. Chukua maswali halisi ya wageni, yale yanayokuja WhatsApp yakiwa na makosa ya tahajia, tarehe za Kimarekani zinazoanza na mwezi, na "next Friday" ya mtu aliyeko nchi yenye saa tofauti. Mpe wakala. Usisome jibu lake zuri. Soma rekodi ya zana alizoita na alivyozijaza. Makosa ya ajabu huonekana humo. Septemba 2025 Anthropic walieleza kwamba waligundua modeli yao Claude ilikuwa ikibandika "2025" kwenye maneno ya kutafutia mtandaoni bila kuhitajika, na matokeo yakaharibika. Tiba ilikuwa kuyaandika upya maelezo ya zana. Kosa kama hilo huwezi kulibuni ukiwa mezani. Ukiona wakala anajaza sehemu moja vibaya mara kwa mara, usimlaumu. Rudi kwenye sentensi inayoieleza sehemu hiyo, kwa sababu karibu kila mara utakuta kuna jambo la kwetu halikusemwa.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kampuni, kabla hujalipia wakala wa kujibu wateja wako, dai uonyeshwe maelezo ya kila zana aliyopewa. Yachapishe. Yapeleke kwa dereva wako wa KIA, kwa mhudumu wa mapokezi, kwa kiongozi wa mlimani anayepandisha wageni Meru, na kwa mhasibu anayepokea malipo. Wape kalamu, na muda wa kutosha. Kila watakapoandika pembeni "hapa inategemea", mtengenezaji arudi akaandike inategemea nini, ndipo umlipe.